Mtoto wa wiki 7 analia kila jioni: nimpeleke akanyooshwe?

SWALI: Shikamoo dokta. Mwanangu wa kwanza ana wiki 7. Ananyonya vizuri, uzito unaongezeka, mchana hana neno. Ila ikifika saa 12 jioni anaanza kulia, anakunja miguu, uso unamwiva, ngumi amezikaza, hivyo hivyo mpaka saa 4 usiku. Kliniki wamempima wakasema haumwi, ni koliki. Shoga yangu ananishauri nimpeleke kwa mtaalamu anayenyoosha watoto. Mtaalamu huyo anasema shingo hupinda wakati wa kuzaliwa na mifupa ya fuvu haikai sawa, ndiyo maana mtoto analia. Mtoto wa shoga yangu alienda mara 3 tu akatulia. Je, nimpeleke? Kuna madhara? Na mimi mwenyewe naweza kumkanda nyumbani? Mume wangu angependa kusaidia, lakini anaogopa. Anasema mikono yake ni migumu.

JIBU: Marahaba, mama. Hongera kwa mtoto, na pole kwa hizo jioni. Miaka yangu mingi ya kazi imekuwa kwenye tiba ya viungo kwa watoto, yaani mikono ndiyo mtaji wangu, na ningekuwa na kila sababu ya kukwambia "mlete". Sikwambii hivyo. Kwa koliki, usimpeleke kunyooshwa, maana hakuna kilichopinda. Kumkanda nyumbani ni sawa kabisa, ilimradi wewe unataka na yeye anataka.

Shoga yako lakini hakukudanganya. Mtoto wake alitulia kweli, na tuanzie hapo.

Mwaka 1962 daktari wa watoto wa Marekani, T. Berry Brazelton, alichapisha matokeo ya kazi moja rahisi sana: wazazi wa watoto 80 wazima waliandika kila siku mtoto amelia kwa muda gani. Katika wiki ya 2 mtoto wa kawaida alikuwa akilia karibu saa moja na dakika 45 kwa siku. Kilio kikapanda, kikafika kileleni wiki ya 6 kwa karibu saa 2 na dakika 45, kisha kikashuka, na kufikia wiki ya 12 kilikuwa chini ya saa moja. Sehemu kubwa ya kilio hicho ilikuja jioni. Hao ni watoto wasio na ugonjwa wowote. Mtoto wa koliki anapita njia hiyo hiyo, ila mlima wake ni mrefu zaidi. Huko nyuma, mwaka 1954, daktari mwingine wa watoto, Morris Wessel, alikuwa ameweka kipimo ambacho bado utakisikia kikitajwa: kulia zaidi ya saa 3 kwa siku, zaidi ya siku 3 kwa wiki, kwa zaidi ya wiki 3. Mwaka 2016 wataalamu wanaopanga vigezo vya magonjwa ya tumbo waliacha kuhesabu saa katika kliniki, kwa sababu mzazi aliyechoka hahitaji saa ya ukutani kujua kwamba mtoto analia kupita kiasi na habembelezeki. Wanachotazama ni mtoto wa chini ya miezi 5 anayelia bila sababu inayoonekana, huku anakua, hana homa, hana dalili ya ugonjwa. Mtoto wako hasa.

Sasa jiulize mzazi huenda lini kutafuta tiba. Huenda akiwa amefika mwisho wa uvumilivu, wiki ya 6 au ya 7, pale kileleni. Kutoka kileleni hakuna njia nyingine ila kushuka. Ungempeleka kwa fundi cherehani wiki ya 7, ukirudi wiki ya 10 ungemsifu fundi cherehani.

Hii si dhihaka yangu tu, imepimwa. Mwaka 2001 nchini Norway zilichapishwa habari za watoto wenye koliki waliogawanywa kwa kura makundi mawili. Mtoto alichukuliwa na muuguzi akaingizwa chumbani, mzazi akabaki nje. Ndani, kundi moja lilinyooshwa uti wa mgongo na mtaalamu wa kairopraktiki, yaani tiba ya kusukuma na kunyoosha pingili za mgongo kwa mikono, na kundi la pili lilishikwa tu na muuguzi kwa dakika kama 10, basi. Walirudi mara 3, kama mtoto wa shoga yako. Wazazi hawakujua nani kafanyiwa nini. Katika watoto 86 waliomaliza, walionyooshwa na kupata nafuu walikuwa karibu 70 katika kila 100, na walioshikwa tu walikuwa 60 katika kila 100. Kwa idadi ndogo hiyo, pengo kama hilo linaweza kuletwa na bahati tu. Ninachokipenda mimi kwenye utafiti huo ni ile 60. Watoto wengi hivyo walipata nafuu kwa kushikwa dakika 10 na mtu mtulivu, na kwa siku kupita.

Denmark nao walirudia jambo hilo kwa watoto 185, matokeo yakatoka mwaka 2021. Walionyooshwa walipunguza kilio kwa saa moja na nusu kwa siku, wasionyooshwa kwa saa moja, na baada ya kulinganisha makundi kwa haki tofauti ile haikuweza kutenganishwa na bahati. Kabla yao, mwaka 2012, mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, yalikusanya tafiti 6 zenye watoto 325 waliofanyiwa kairopraktiki, ostiopathi (tiba nyingine ya kukanda na kunyoosha mwili kwa mikono) au tiba ya fuvu (kushika kichwa kwa viganja). Zikichanganywa zote, kilio kilipungua kwa saa moja na dakika 12 kwa siku, jambo zuri sana. Zikabakizwa zile tu ambazo wazazi hawakujua mtoto wao yuko kundi gani, faida ikayeyuka.

Watu wengine husikia hapo kwamba akina mama ni waongo. Sivyo. Mama ndiye anayeandika daftari la kilio. Mama aliyetoka kwenye tiba na matumaini hulala kidogo, hupumua, humshika mtoto kwa mikono iliyolegea, na kilio cha dakika 5 hakimshtui tena mpaka akakiandika kama cha 15. Matumaini yanafanya kazi kweli. Ila hayauzwi kwa jina la mfupa uliopinda.

Na hilo la mfupa lina historia. Kairopraktiki ilianzishwa na D. D. Palmer huko Iowa, Marekani, mwaka 1895, kwa wazo kwamba maradhi hutokana na pingili za mgongo zilizosogea zikabana mishipa ya fahamu. Tiba ya fuvu ilitoka kwa William Sutherland, mwana-ostiopathi wa Marekani, aliyeamini mifupa ya kichwa huenda na kurudi kama pumzi. John Upledger akaieneza kuanzia miaka ya 1970. Fuvu la mtoto mchanga ni kweli halijaungana. Mifupa yake hupandana wakati wa kuzaliwa ili kichwa kipite, kisha hurudi mahali pake yenyewe ndani ya siku chache. Ndivyo lilivyoumbwa, wala halingoji mtu wa kulipanga. Ule "mdundo" ambao wataalamu wa tiba ya fuvu husema wanausikia vidoleni nao umejaribiwa: watu wawili wenye ujuzi wakimgusa mtu yule yule, kila mmoja husikia mdundo wake.

Kuhusu madhara, nitenganishe mambo. Mtu akimwekea mtoto viganja kichwani kwa uzito wa sarafu, hamdhuru. Atakuwa amekula pesa yako tu. Hatari iko kwa anayezungusha, kukunja au kuvuta shingo na mgongo. Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wake wote, kimekaa juu ya shingo yenye misuli dhaifu na kano zilizolegea. Mwaka 2009 madaktari wa Uholanzi waliandika habari za mtoto wa miezi 3 aliyekufa baada ya kukunjwa shingo na mgongo na mtu aliyekuwa akifanya tiba ya fuvu. Matukio ya namna hiyo ni nadra, lakini unapoweka hatari ya kufa, hata ndogo, upande mmoja wa mizani, na upande wa pili ugonjwa unaoisha wenyewe, mizani haina kazi ngumu. Australia, baada ya video ya mtoto wa wiki 2 aliyening'inizwa kichwa chini na mtaalamu wa kairopraktiki kuzua hasira, bodi inayosimamia taaluma hiyo iliwaambia wanachama wake mwaka 2019 wasimnyooshe mgongo mtoto wa chini ya miaka 2.

Kuna dhara jingine lisiloonekana kwenye picha, nalo nimelikuta mara nyingi kuliko shingo iliyoumizwa. Mama anaambiwa "mtoto wako alipinda wakati wa kuzaliwa", naye anaanza kurudia uchungu wake kichwani: nilisukuma vibaya, nilichelewa, ningekubali upasuaji. Anamtazama mtoto mzima kama kitu kilichovunjika mikononi mwake. Wengine wamenililia kwa hilo miezi baada ya koliki kuisha. Mama, hujamvunja mtoto.

Sasa nisije nikaonekana naikana kazi yangu. Iko shida ya shingo ambayo mikono yenye ujuzi huitibu vizuri. Kuna watoto huzaliwa na msuli wa upande mmoja wa shingo umefupika. Kichwa kinainamia upande mmoja, uso unatazama mwingine, na kwa sababu mtoto hulala hivyo hivyo siku zote, kichwa huanza kuwa bapa sehemu moja. Huyo anahitaji mtaalamu wa tiba ya viungo mapema, na atakachofundishwa mzazi ni kunyoosha msuli taratibu, kumlaza na kumchezesha upande anaoukwepa, kwa wiki kadhaa. Hakuna mlio wa "ka!" hapo, wala muujiza wa mara 3. Mpime mwenyewe: mlaze chali, msogezee uso wako kulia, halafu kushoto. Akikufuata pande zote mbili, shingo yake haina kesi. Asipokufuata upande mmoja siku hadi siku, nenda.

Tuje kwenye kumkanda. Nitakwambia ukweli ambao wauzaji wa mafunzo ya masaji hawapendi kuusema. Mwaka 2000 watafiti wa Finland waligawa watoto 58 wenye koliki: wengine wakandwe na wazazi wao, wengine wawekewe kifaa cha kutikisa kitanda. Kilio kikashuka kwa asilimia 48 kwa waliokandwa na asilimia 47 kwa wa kitandani. Watafiti wenyewe wakahitimisha kwamba ilikuwa ni ile safari ya kawaida ya kushuka mlima. Kwa hiyo masaji haitibu koliki. Naipendekeza kwa sababu nyingine.

Ngozi yenye vinyweleo ina nyuzi za fahamu ambazo hazijali joto la moto wala ncha ya sindano. Kinachoziamsha zaidi ni kiganja kinachopita polepole, kati ya sentimita 1 na 10 kwa sekunde, na karibu 3 ndiyo tamu yake. Wazazi wakiachwa tu wampapase mtoto bila kuelekezwa, wengi huangukia mwendo huo huo. Mtoto akipapaswa hivyo mapigo ya moyo hupungua kasi. Kwa dakika unazomgusa, mwili wake unatulia, na wako pia. Pia unamjua: mama anayemkanda mtoto kila asubuhi atakuwa wa kwanza kugundua uvimbe, joto au mguu usiochezeshwa. Hayo mimi yananitosha.

Chagua wakati anapokuwa macho na ametulia, si saa 12 jioni kilio kimeshapamba moto. Hilo ndilo kosa ninaloliona zaidi kuliko yote. Mtoto aliyezidiwa na kilio hapokei mikono kama faraja, kwake inakuwa kero moja zaidi. Asubuhi au alasiri, dakika 45 hivi baada ya kunyonya ili asicheue, chumba kiwe na joto, vua pete, kata kucha, pasha viganja kwa kuvisugua. Muoneshe mikono, msemeshe. Akikutazama na mwili umelegea, endelea. Akigeuza uso, akitanua vidole, akikakamaa, akipata kwikwi au akianza kununa, acha, hata kama ndiyo kwanza umeanza. Kesho ipo.

Anza na miguu, maana watoto wengi huikubali kabla ya tumbo. Mkono mmoja ushike kifundo, mwingine uteleze kutoka paja hadi unyayo, taratibu, halafu ubadilishe. Nyayo zipitie kwa kidole gumba kutoka kisigino kwenda vidoleni. Ukifika tumboni, weka kiganja kizima, kikae tu kwanza apumue nacho mara chache. Kisha zungusha kufuata mshale wa saa: ukiwa umemtazama, anzia chini upande wako wa kushoto, panda, vuka chini ya mbavu, shuka upande wako wa kulia. Utumbo mpana ndivyo unavyopita, na kwenda kinyume ni kusukuma hewa inakotoka. Nguvu kiasi gani? Ngozi isogee pamoja na kiganja chako lakini tumbo lisibonyee. Halafu kunja magoti yote mawili yasogelee tumbo, ngoja pumzi 2 au 3, nyoosha. Akijamba, mmeelewana. Mgongoni pitisha viganja pande mbili za uti, kamwe si juu ya mfupa wenyewe. Shingo iache. Utosi usiukandamize. Usivute mikono wala miguu kama unayenyoosha nguo, usimning'inize, usimrushe juu. Dakika 10 zinatosha.

Mafuta si lazima. Ukitaka viganja viteleze, tumia kidogo ya yale ya watoto yasiyo na manukato, uyajaribu kwanza sehemu ndogo ya mguu ungoje siku moja. Ya zeituni yaache kwa upishi: yana asidi inayolegeza kinga ya ngozi changa. Ya karanga na jamii yake yaache pia kwa ajili ya mzio. Na chochote chenye kafuri, mkaratusi au mentoli kisimkaribie mtoto wa umri huu. Hivyo vinaweza kumsumbua pumzi, na kafuri ni sumu.

Kwa jioni yenyewe dawa ni kubebwa, na hapa kuna habari nzuri yenye mipaka yake. Mwaka 1986 watafiti wawili, Hunziker na Barr, waliwataka wazazi wa watoto wa kawaida wawabebe saa 3 zaidi kila siku, hata mtoto asipolia. Kufikia wiki ya 6 watoto hao walilia kwa asilimia 43 pungufu kuliko wenzao. Barr alipojaribu njia hiyo hiyo kwa watoto ambao tayari wana koliki, mwaka 1991, hakupata tofauti. Kwa hiyo usibebe ukitegemea kuponya, wala usijilaumu ukibeba na bado analia. Beba kwa sababu inatuliza pale pale. Watafiti wa Japani walionesha mwaka 2013 kwamba mtoto wa chini ya miezi 6 akibebwa na mtu anayetembea, moyo hupunguza kasi na kujitupatupa hupungua karibu papo hapo, kitu ambacho hakitokei mkibaki mmekaa. Mwaka 2022 wakaongeza kanuni ndogo inayofaa kuibandika ukutani: tembea naye dakika 5 mfululizo bila kusimama. Akilala, kaa naye kimya dakika 5 hadi 8 kabla ya kumlaza, kwa sababu moyo wake hushtuka pale mwili unapoachana na wako. Ni kundi dogo la watoto walilolipima, lakini haikugharimu kitu kujaribu.

Namna nyingine ya kumshika ninayoitumia sana: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, shavu likae karibu na kiwiko, kiganja chako kishike paja lake, miguu ining'inie pande mbili za mkono. Mkono wa pili uwe mgongoni. Au mvue abaki na nepi, mlaze kifuani kwako ngozi kwa ngozi, mfunike mgongo. Ukitumia mbeleko, uso wake uonekane na kidevu kisigandamane na kifua. Punguza taa, punguza watu, punguza maneno. Na chochote utakachochagua, kipe dakika 5 nzima. Mzazi aliyechanganyikiwa hubembea sekunde 20, hukanda sekunde 20, hugeuza, hunyonyesha, huimba, na mtoto anazidi kuchanganyikiwa. Akilala, alale chali kwenye godoro lake, hata kama mkononi alitulia akiwa kifudifudi.

Kabla hujaamini kila jioni kwamba ni koliki ile ile, mkague haraka, hasa kilio kikibadilika sauti. Mvue nguo zote. Tazama vidole vya miguu, vya mikono na sehemu za siri: uzi au unywele ukijiviringisha hapo hukata damu, na mtoto hulia bila kunyamaza. Tazama kinena na korodani kama kuna uvimbe, maana ngiri iliyobana ni ya hospitali usiku huo huo. Mpeleke bila kungoja asubuhi akiwa na joto la mwili la 38 au zaidi, akitapika kijani, akitoa damu kwenye choo, tumbo likijaa na kuwa gumu, utosi ukivimba akiwa hajalia, akikataa kunyonya, akilegea au ukashindwa kumwamsha. Na kama kilio kinakuja kwa mafungu, anakunja miguu, anapauka, kisha analegea, halafu kinarudi tena, hiyo inaweza kuwa sehemu ya utumbo imeingia ndani ya nyingine. Hiyo haikandwi. Koliki nayo haianzi mtoto akiwa na miezi 4 au 5, kwa hiyo kilio kipya cha umri huo kitafutiwe sababu nyingine.

Unyonyeshaji sitauzungumza sana kwa vile kliniki wameridhika na uzito. Omba tu mkunga au muuguzi amtazame akinyonya kuanzia mwanzo hadi mwisho, maana mtoto asiyeshika titi vizuri humeza hewa nyingi, na marekebisho yake ni ya dakika chache.

Kuna jambo hukuniuliza nami nitalisema. Saa 3 usiku, siku ya 12 mfululizo, mikono huanza kukaza. Watu wema kabisa huwatikisa watoto wao katika saa hiyo, na kutikiswa sekunde chache tu kunaweza kumtoa mtoto damu kwenye ubongo. Ukisikia hasira inapanda, mlaze chali mahali salama, toka chumbani, funga mlango, kaa dakika 10. Kunywa maji, piga simu kwa mtu. Kilio cha dakika 10 hakimdhuru mtoto. Kisha rudi umtazame. Nimewaambia hivyo mamia ya wazazi na sijakutana na hata mmoja ambaye hakuwahi kuihitaji ruhusa hiyo. Na kama huzuni imekaa na wewe hata saa ambazo mtoto amelala, mwambie mkunga wako wiki hii, usingoje koliki iishe.

Kama baada ya haya yote bado familia inataka umpeleke kwa huyo mtaalamu, nami najua familia zilivyo, basi kaa chumbani mtoto asitoke machoni pako. Muulize amesomea wapi na amesajiliwa na bodi gani. Muulize atamshika vipi shingo, na jibu pekee linalokubalika ni kwamba hataizungusha wala kuivuta. Akikwambia uache chanjo au dawa za daktari, akikuuzia mizunguko 10 kwa malipo ya mbele, au akisikika mlio wowote kwenye mwili wa mtoto, mchukue mtoto wako muondoke. Huna haja ya kuaga vizuri.

Na baba. Mwambie nimesema mikono migumu haina tatizo. Ngozi ya mtoto haihisi sugu za kiganja kama anavyodhani, inahisi mwendo na joto. Mikono mipana hata ina faida, inafunika mgongo mzima. Asianze na masaji. Aanze na matembezi: saa 12 kamili jioni ampokee mtoto kabla kilio hakijaanza, amlaze kifudifudi mkononi kama nilivyoeleza, atembee naye dakika 5 bila kusimama, na wewe uwe chumba kingine umelala, mlango umefungwa. Atalia mikononi mwake pia. Asikuite kwa sababu hiyo tu. Mpe wiki moja, naye atakuwa na namna yake ya kumshika ambayo wewe huna.